Tumbo linauma na hedhi ilishakoma: makovu ya kizazi ambayo akina mama wengi hawayafikirii

Katika soko la Kadutu mjini Bukavu, kama vile katika masoko ya Goma au Lubumbashi, mama aliyepita miaka hamsini akilalamika kwamba tumbo la chini linamuuma, majibu huwa tayari. Wa meza ya jirani atamwambia ni amiba. Mwingine atasema ni tifoidi, au ni uchovu wa kubeba mizigo. Mama atanunua vidonge kwenye famasi ya karibu, maumivu yatapungua siku mbili tatu, kisha yatarudi. Ni nadra kusikia mtu akimuuliza hivi: wakati ule mimba yako ilipoharibika, miaka ishirini na mitano iliyopita, ulisafishwa kizazi? Na baada ya kusafishwa, mwezi wako ulirudi kama zamani?

Swali hilo lina maana yake. Kizazi kilichowahi kukwanguliwa kinaweza kubaki na makovu ndani, na makovu hayo hayaondoki kwa sababu mwanamke ameacha kuzaa. Kwa mwanamke kijana dalili zake zinafahamika: hedhi inapungua au inakatika kabisa, mimba haishiki, au inashika na kutoka mara kwa mara. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi dalili hizo zote zimefutika. Zinazobaki ni chache, zinafanana na za magonjwa mengine, na mara nyingi hazionekani kabisa. Makovu yenyewe si ya kuua. Lakini yanaweza kuficha kitu kinachoua, na ndiyo sababu inafaa kuyafahamu.

Kuta zinazoshikana

Ndani ya kizazi kuna utando laini. Tabaka lake la juu ndilo hudondoka kila mwezi na kutoka kama damu ya hedhi. Tabaka la chini hubaki, na kutoka hapo utando huota upya. Chombo cha chuma kikikwangua hadi kulifikia tabaka hilo la chini, panabaki kidonda. Kizazi kisicho na mimba ni kama mfuko mtupu: ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma vinagusana. Vidonda viwili vikigusana hupona vikiwa vimeshikana. Wakati mwingine ni uzi mwembamba tu unaovuka kutoka upande huu hadi ule. Wakati mwingine nafasi yote ya ndani inafungwa.

Jambo hili si geni kwa madaktari. Mwaka 1894 Mjerumani Heinrich Fritsch alieleza habari za mwanamke aliyeacha kupata hedhi baada ya kukwanguliwa kizazi alipokuwa amejifungua. Mwaka 1948 Joseph Asherman, daktari wa Tel Aviv, alieleza wagonjwa wengi wa namna hiyo, na tangu hapo tatizo limebeba jina lake. Kwetu Kongo, ambako madaktari wamesomea kwa Kifaransa, neno utakalolisikia hospitalini ni sineshi.

Sababu kubwa ni kiretaji, hasa ile inayofanywa wiki chache baada ya kujifungua kwa sababu vipande vya kondo la nyuma vimebaki. Wakati huo kizazi ni laini, na homoni ya estrojeni inayosaidia utando kuota iko chini, kwa hiyo chuma kikipita kwa nguvu kinadhuru zaidi. Upasuaji wa kutoa uvimbe wa kizazi unaweza pia kuacha makovu. Ipo pia kifua kikuu, ambacho wengi hukijua kama ugonjwa wa mapafu tu, lakini kinaweza kushambulia kizazi na mirija na kuharibu utando wote. Hilo si jambo la kupuuza katika nchi ambayo Shirika la Afya Duniani, OMS, linaiweka kati ya 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mwisho ni mionzi inayotibu saratani ya shingo ya kizazi: inaokoa maisha, lakini inakausha na kubana njia.

Si kila kiretaji inaacha kovu, na mama aliyesafishwa mara moja hana sababu ya kulala na hofu. Hata hivyo OMS imependekeza tangu zamani kwamba kiretaji ya chuma iachwe, na badala yake kizazi kisafishwe kwa kunyonya au kwa dawa. Wakunga wengi wa Kongo wanaijua njia ya kunyonya kwa mkono kwa jina la AMIU. Akina mama ambao leo wana miaka 55 au 65 walizaa na kupoteza mimba katika miaka ambayo chuma ndicho kilichokuwa mezani. Ni wao wanaohusika na habari hii.

Baada ya hedhi kukoma

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akipitisha miezi kumi na miwili mfululizo bila kuona mwezi, na kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni inashuka. Utando wa kizazi unakuwa mwembamba, kizazi chenyewe kinanywea, na tundu la shingo ya kizazi linakuwa dogo. Kwa wengine linafunga kabisa. Hivyo mwanamke aliyekuwa na makovu kidogo ujanani anaweza kuingia uzeeni na njia iliyozibika, bila kujua ni siku gani ilizibika.

Lazima hapa lisemwe jambo moja ili watu wasiogopeshwe bure. Wanawake wengi wenye makovu katika umri huu hawahisi chochote. Mama wa miaka 60 ambaye kwa bahati ekografi imeonyesha makovu, ambaye hana maumivu, hajatokwa na damu wala uchafu, na kizazi chake hakina maji wala uvimbe ndani, hahitaji kupasuliwa. Upasuaji wa kukata makovu hufanywa kwa mwanamke anayetafuta mtoto. Kwa bibi mwenye wajukuu hauna faida, na mtu anayemtisha ili auze fedha zake za biashara apasuliwe haraka anastahili kuulizwa maswali.

Shida inaanza pale kitu kinapotaka kutoka na njia hakuna. Utando ulionyauka unaweza bado kutoa maji kidogo, au damu kidogo. Vikikosa pa kupita vinakusanyika ndani. Kizazi, ambacho ni msuli, hujaribu kuvisukuma nje. Hapo mama anahisi maumivu ya tumbo la chini yanayokuja na kuondoka, yakibana na kuachia. Wengi wanayatambua mara moja, ingawa hawathubutu kuyasema: ni kama yale ya mwezi, wakati mwezi ulikwisha miaka kumi iliyopita. Maumivu yanaweza kushuka kiunoni na mgongoni. Wengine wanahisi uzito tu, kama kitu kimekaa juu ya kibofu, na wanakojoa mara kwa mara. Tumbo la chini linaweza kuvimba kidogo, na kikwembe kinachofungwa kila siku kikaanza kubana.

Kilichokusanyika kikiingiwa na vijidudu kinageuka usaha. Dalili zake ni uchafu wa njano au wa kahawia wenye harufu mbaya, maumivu, na kwa baadhi homa. Si wote wanapata homa, hasa wazee, na kukosa homa hakumaanishi kwamba hakuna usaha. Uchafu huo unaweza kutoka siku moja na kukatika siku tano, kwa sababu njia inafunguka na kujifunga. Mama anaona umekatika, anasema amepona. Kizazi kilichojaa usaha mara chache sana kinapasuka. Kikipasuka, maumivu yanashika tumbo lote ghafla, tumbo linakuwa gumu, mgonjwa anadhoofika ndani ya saa chache. Huyo hapelekwi kwenye maombi wala kwa muuza dawa. Anapelekwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku ule ule.

Damu ambayo haitoki

Katika mitaa yetu damu ikimtoka mama wa miaka 58, kuna wanaocheka na kumwambia amerudia usichana. Mzaha huo umegharimu watu. Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja, hata rangi ya waridi kwenye nguo ya ndani, inahitaji daktari. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye saratani ya utando wa kizazi, karibu 90 walitokwa na damu. Na kati ya wanawake 100 waliotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, karibu 9 walikuwa na saratani hiyo. Maana yake wengi wa wanaotokwa na damu hawana saratani. Wana ukavu wa uke, au kinyama kidogo kilichoota ndani, au sababu nyingine ndogo. Lakini wenye saratani karibu wote hupewa onyo hilo mapema, wakati kutibiwa na kupona bado kunawezekana.

Sasa mfikirie mama ambaye shingo ya kizazi imefungwa na makovu. Saratani ikianza ndani, inavuja damu kama kwa wengine, ila damu haitoki. Onyo linabaki ndani. Anachopata ni maumivu yanayobana, uzito, labda uchafu wenye harufu. Anatibiwa amiba kwa miezi. Hii ndiyo sababu madaktari wa magonjwa ya wanawake hawapendi kusikia "hana damu, basi hana shida" kwa mgonjwa aliyewahi kukwanguliwa kizazi au kuchomwa mionzi. Kwa mama huyo ukavu si ushahidi wa usalama.

Makovu yanaharibu pia kipimo chenyewe. Kwa kawaida, mama mwenye damu akifanyiwa ekografi ya kupitia ukeni, daktari anapima unene wa utando. Ukiwa milimita 4 au chini yake, uwezekano wa saratani ni chini ya 1 kwa 100. Lakini kizazi chenye makovu hakionyeshi mstari ulio wazi. Unaweza kukatika katikati, au usionekane kabisa. Utando ambao haukuonekana si sawa na utando mwembamba, ingawa kwenye karatasi ya majibu mambo haya mawili huchanganywa kirahisi. Hata kuchukua kinyama cha kupima kunaweza kudanganya: mrija mwembamba ukiingizwa bila kuona, unaweza kukwama kwenye kovu na kuchota pembeni, ugonjwa ukabaki nyuma ya ukuta.

Kwenye kituo cha afya na baadaye

Muuguzi wa kituo cha afya hana vifaa vyote, lakini hatua ya kwanza iko mikononi mwake, nayo ni kuangalia shingo ya kizazi kwa macho, kwa kutumia spekulamu. Haigharimu mashine. Inapasa kuja kabla ya ekografi kwa sababu katika nchi zetu saratani ya shingo ya kizazi ni mojawapo ya zile zinazoua wanawake wengi zaidi, nayo pia huleta damu, uchafu na maumivu. Mama anayepewa antibiotiki mara ya tatu kwa uchafu ule ule, na hakuna aliyewahi kumpandisha kitandani kumwangalia, ana haki ya kuomba aangaliwe. Ikiwa anaona haya mbele ya muuguzi mwanaume, aombe mkunga awepo. Ni ombi la kawaida.

Hatua inayofuata ni ekografi. Ile ya juu ya tumbo inatosha kuona kizazi kilichojaa maji au usaha. Ile ya ukeni inaonyesha vizuri zaidi utando. Anayepima aambiwe mambo matatu kabla hajaanza: hedhi ilikoma mwaka gani, mgonjwa alifanyiwa nini kwenye kizazi, na kwamba kinachotafutwa ni maji ndani ya kizazi au njia iliyoziba. Bila maelezo hayo atapima figo na kibofu, aandike kwamba yote ni sawa.

Kipimo kinachoyaona makovu moja kwa moja ni isteroskopi, kamera nyembamba inayoingizwa kupitia shingo ya kizazi. Haipo katika hospitali nyingi za ndani ya nchi; inatafutwa kwenye hospitali kubwa za miji. Pale ambapo haipo, daktari anaweza bado kufanya kazi ya maana: kupanua shingo ya kizazi polepole, akiongozwa na ekografi ili asitoboe ukuta, kutoa kilichokusanyika, kumpa mgonjwa antibiotiki kama ni usaha, na kupeleka kinyama maabara. Kwa wengi maumivu hupungua mara tu kilichojaa kinapotoka. Lakini kazi haijaisha hapo. Usaha au damu katika kizazi cha mwanamke mzee ni jambo la kutafutiwa sababu, na saratani ni mojawapo. Kutoa usaha na kumrudisha mama nyumbani bila kupima kinyama ni kazi ya nusu.

Wapo wanaopaswa kwenda mapema kuliko wengine: aliyechomwa mionzi, aliyetibiwa kifua kikuu cha kizazi, anayemeza tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya titi, kwa kuwa dawa hiyo huongeza hatari kwenye utando wa kizazi baada ya hedhi kukoma. Unene mkubwa na kisukari pia huongeza hatari ya saratani hiyo. Na asiyefaa kusubiri hata kidogo ni yule mwenye maumivu yanayozidi wiki hadi wiki huku akikonda.

Kuna dawa moja ya mtaani inayopaswa kutajwa. Baadhi ya akina mama, wakiona uchafu wenye harufu, hujiingizia majani, unga au sabuni ukeni "kusafisha". Uke wa mwanamke aliyekoma hedhi ni mwembamba, unaungua upesi. Unaongezewa kidonda, na kidonda kinaleta kovu jingine, safari hii kwenye njia ile ile iliyokuwa tayari nyembamba.

Siri ya miaka mingi

Kwenye fishi za hospitali swali huwa ni mimba ngapi, watoto wangapi, wangapi wako hai. Mama anajibu haraka, mara nyingi bintiye au mkwewe akiwa amekaa pembeni. Kiretaji haitajwi. Wengine wamesahau, maana ilifanywa usiku mmoja katika zahanati ambayo leo haipo. Wengine hawakuambiwa kabisa. Waliamka wakaelezwa kwamba wamesafishwa na basi. Na wengine wanakumbuka kila kitu, lakini mimba ile haikuwa ya kusemwa. Ilitolewa kwa siri, au ilitokana na kubakwa wakati wa vita, au mume hakuijua. Kwa miaka mingi sheria ya Kongo iliadhibu utoaji wa mimba. Mkataba wa Maputo, unaoruhusu katika hali kadhaa kama ubakaji, ulichapishwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018 tu. Mwanamke aliyefunga mdomo mwaka 1990 alikuwa na sababu ya kuufunga, na leo hajaona bado sababu ya kuufungua.

Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake hulitafuta jibu kwa upole na bila mashahidi. Anamwomba binti asubiri nje. Haulizi "ulitoa mimba?" bali "mama, kuna wakati wowote walikusafisha kizazi, baada ya kuzaa au mimba kuharibika?" Halafu anauliza kama baada ya hapo hedhi ilipungua. Jibu la swali hilo la pili lina uzito wa pekee. Mwanamke ambaye mwezi wake ulikatika akiwa na miaka 34, mara tu baada ya kiretaji, na akaambiwa na wakwe kwamba amerogwa au amezeeka mapema, huenda hakuwa amekoma hedhi hata kidogo. Huenda makovu ndiyo yaliyofunga. Kwake hesabu yote ya umri inabadilika: alichodhani ni miaka thelathini ya kukoma hedhi ni miaka ishirini ya kizazi kilichozibwa, halafu hedhi ikakoma kweli bila mtu kujua lini.

Mama asiyeweza kulisema neno hilo kwa sauti anaweza kumpa daktari karatasi iliyoandikwa. Inatosha mstari mmoja: mwaka, mahali, "nilisafishwa". Daktari hana haki ya kupeleka habari hiyo kwa mume, kwa mtoto au kwa polisi. Siri ya mgonjwa inamfunga.

Majibu ya kinyama huchukua siku nyingi, hasa sampuli ikisafirishwa kwenda mji mwingine. Katika siku hizo maumivu huwa yameisha, kwa sababu kizazi kimetolewa kilichokijaza, na fedha ya usafiri inaonekana afadhali inunue unga. Karatasi nyingi za majibu hubaki kwenye droo za hospitali kwa njia hiyo. Anayefanyiwa kipimo aache namba ya simu ya mtu wa pili anayemwamini, aulize siku kamili ya kurudi, na arudi siku hiyo hata kama anajisikia mzima.